Kongosho la Baba

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Hiyo ni yangu. Mke wangu naye anakuamkia, na mjukuu wako Maswali anataka uambiwe kwamba jino lake la mbele limeng'oka, kwamba halikuuma, na kwamba amelihifadhi kwenye kopo la wino. Huku tu wazima kwa kiasi. Karakana ipo palepale alipoiacha baba, mkabala na mahakama, na kazi haijapungua. Wiki hii nimechonga mihuri ya mawakili watatu na kuosha kwa spiriti mihuri arobaini ya kale ya masjala. Mke wangu amenipa amri ya kuvua shati uani kabla sijaingia ndani, kwa jinsi ninavyonuka.

Ningekupigia simu, lakini tangu ulipogombana na kampuni ya simu ukawarudishia chombo chao juu ya meza ya meneja, najua njia ni hii moja.

Nimekuwa nikiumwa tumbo. Maumivu yanaanzia chini ya kifua yanapenya hadi mgongoni, kama mtu anayesukuma patasi polepole bila haraka ya kumaliza. Nimepungua kilo kumi na nne. Mwezi uliopita nilianguka karakanani mbele ya mteja, nikapelekwa hospitali, na huko wameyapa maumivu jina: uvimbe sugu wa kongosho. Sikujua hata kama nina kongosho. Daktari wa upasuaji, mama mmoja mfupi ambaye akiongea nawe hutazama mikono yako badala ya uso, anasema ni kitu kirefu kama jani, kimelala nyuma ya tumbo, kina kichwa, kiwiliwili na mkia. Langu limevimba kichwani, limejaa vijiwe, na limeanza kuubana mrija wa nyongo.

Anasema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata kichwa chote cha kongosho pamoja na utumbo wa kwanza unaokizunguka, mfuko wa nyongo na pengine kipande cha tumbo, halafu kuunganisha kinachobaki. Ya pili ni kukichimba kichwa kwa ndani, akaacha ganda jembamba, na utumbo na mrija vikabaki mahali pake. Kisha anavuta kipande cha utumbo mdogo na kukishona juu ya shimo ili maji ya kongosho yapate pa kupita. Yeye anataka ya pili. Lakini kwanza lazima awe na hakika kwamba uvimbe hauna saratani, na kwa hiyo anauliza habari za ukoo. Baba alikufa na nini? Alikunywa pombe kiasi gani? Je, macho yake yaligeuka njano kabla ya kufa?

Shangazi, nilikuwa na miaka minane, na mama alinichukua tukaenda kwao. Naye mama hayupo tena. Wewe ndiye uliyebaki na baba hadi mwisho. Hakuna mwingine wa kumuuliza. Nimenakili mchoro wa daktari nikauweka humu, maana wa kwake umebaki kwenye faili.

Mwanao, mchonga mihuri


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba zote tatu. Mwambie Maswali jino likae hapo koponi, serikali zinahifadhi vitu vya kijinga kuliko hicho. Mimi nyonga inaninyima raha nikipanda ngazi za maktaba, ambayo sasa wanataka kuifunga siku ya Jumamosi, ati hakuna wasomaji. Nimewaandikia barua mbili. Ya kwanza ilikuwa na adabu. Jirani yangu wa juu amenunua jogoo, naye nimemwandikia.

Sasa sikiliza. Nimekaa na mchoro wako siku nne, nikiwa na kitabu kizito cha anatomia chenye picha za rangi. Katika kitabu, ini liko upande wa kushoto wa ukurasa. Katika mchoro wa daktari wako liko kulia. Katika kitabu, kichwa cha kongosho kimekumbatiwa na utumbo wa kwanza, kushoto. Kwako kimekumbatiwa kulia. Nilimwita mkutubi. Akageuza kitabu, akageuza mchoro, mwisho akajigeuza mwenyewe akakipa kitabu mgongo, kisha akaniambia mama, mimi sijui, mimi nimesomea kupanga vitabu.

Kwa hiyo mambo ni mawili. Ama wewe umezaliwa viungo vyako vikiwa upande usio wao na hakuna mtu aliyegundua kwa miaka thelathini na minane, ama huyo mama anataka kukupasua ilhali hajui ini linakaa wapi. Na anayeambiwa atoe historia ya ukoo ni wewe. Atoe yeye historia yake ya shule.

Maisha yangu yote nimewaona watu wa makoti meupe na watu wa tai wakisukuma karatasi mbele ya watu wenye maumivu na kusema tia saini hapa. Mwenye maumivu atatia saini popote. Ndiyo maana wanamngoja aumwe. Mtu anayekuambia atakuachia viungo vyako kana kwamba anakupa zawadi, muulize kwanza alivipata wapi. Ni vyako. Usitie saini chochote. Nimemwandikia mkurugenzi wa hospitali kurasa nne, na mchoro nimeuambatisha.

Kuhusu baba yako nitakuandikia siku nyingine. Leo mkono umechoka.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nililazwa siku kumi na moja. Mke wangu amejifunza kufungua na kufunga karakana, na wateja wanasema ana lugha nzuri kuliko mimi. Maswali ana jino jipya linalochungulia. Mara mbili mwezi huu tumbo limemuuma akakosa shule. Tunasema ni machungwa mabichi.

Upasuaji wangu ulikuwa uwe tarehe 14 Machi. Hukujua, kwa sababu sikukuambia. Nilitaka nikuandikie ukiwa umekwisha. Tarehe 12 nikaitwa kwenye chumba cha daktari. Mezani kulikuwa na barua yako, kurasa nne zote, na mchoro wangu, na mchoro wake. Mkurugenzi alikuwa amenitoa kwenye orodha hadi jambo lichunguzwe. Walishanipiga picha upya asubuhi ile, na mtaalamu wa picha aliulizwa ini langu liko wapi, akasema liko lilipo.

Daktari akaniuliza, "Huu mchoro kachora nani?"

"Mimi. Nimenakili wa kwako."

"Wa kwangu uko hapa. Hebu tazama yote miwili."

Nikatazama. Sikuona tofauti. Naapa sikuiona.

"Wewe kazi yako nini?"

"Nachonga mihuri."

Akauchukua mchoro wangu, akaenda dirishani, akaubandika kwenye kioo upande wa nyuma ili mwanga upenye. Ukawa sawasawa na wake, mstari kwa mstari. "Ndugu yangu," akasema, "umenichongea muhuri wa tumbo lako." Akacheka hadi akakaa. Nami nikacheka, kisha nikaona hacheki tena, anatazama kalenda.

Siku ile ya kunakili nilikaa kwenye meza yangu, nikashika penseli, na mkono ukafanya kile unachofanya kila siku. Chochote kinachowekwa pale kinatoka kimegeuzwa. Majina ya viungo niliyaandika baadaye jikoni, ndiyo maana yalisomeka vizuri ukadhani mchoro nao ni mzima. Kosa ni langu. Lakini ningeambiwa nilichore tumbo langu kwa mara ya pili, sina hakika ningelichora upande gani. Siku hizi nikiwa na maumivu hata mlango wa nyumbani nausukuma badala ya kuuvuta.

Nafasi yangu imepewa mtu mwingine. Tarehe mpya ni 11 Juni. Daktari ameuliza tena juu ya baba, na kwenye fomu ameacha mistari mitatu wazi. Uliniahidi siku nyingine. Hii ni siku nyingine.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nyonga ni ileile. Maktaba imebaki wazi Jumamosi, lakini wameondoa viti.

Nimekosea. Nimekugharimu miezi mitatu ya maumivu, na nimemwandikia mkurugenzi kumtaka radhi, nusu ukurasa. Lakini hebu niambie, nani aliyeamua kwamba kulia kwa mgonjwa kuwe kushoto kwa ukurasa? Wamejichorea mwili kama unavyoonekana na anayeukata, si kama unavyojulikana na mwenye kuubeba, halafu wanashangaa sisi tukipotea. Haya, nimekosea hata hivyo.

Baba yako. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikufa akiumwa tumbo. Alikunywa. Mtaa mzima ulijua. Mwezi wake wa mwisho alipewa kazi ya kuchonga muhuri wa masjala, neno moja tu, IMEPOKELEWA. Akalichonga kama linavyosomeka. Kwa hiyo ulipogongwa kwenye karatasi ukatoka kinyume. Mtu aliyechonga mihuri miaka kumi na sita. Karani aliurudisha mbele ya watu, akaugonga kwenye kiganja chake mwenyewe na kuwaonyesha wote waliokuwa kwenye foleni, wakavunjika mbavu. Mtu mwenye akili zake timamu hafanyi kosa hilo. Nadhani mistari mitatu ya daktari inatosha hapo.

Macho sikumbuki.

Machungwa mabichi mara mbili kwa mwezi? Nani anayemnunulia mtoto machungwa mabichi mara mbili?

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mke wangu hajambo. Maswali tumbo limemrudia Jumatano, na hajagusa chungwa tangu Aprili.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa, nimelala, na nimejikunja sakafuni, kwa kuwa siku hizi ndiko ninakopata nafuu. Hukumbuki macho ya mdogo wako. Unakumbuka kiganja cha karani, ambaye kwa hesabu yangu ulimwona mara moja, na hukumbuki macho ya mtu uliyekaa naye miezi minne.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Nilipokuwa na miaka kumi na sita mwalimu alitugawia kijitabu darasani, *Chupa Ndani ya Nyumba Yetu*. Jalada lilikuwa na jina lako. Wenzangu walinipongeza. Nilifika ukurasa wa tisa: "Mlevi mmoja wa damu yangu alifia karakanani kwake, amelikumbatia tumbo alilolitia moto kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa kando yake." Darasa zima lilijua nani ana baba aliyefia karakanani.

Tangu siku ile sijaonja pombe. Sijawahi hata kuramba kijiko. Na maumivu yalipoanza, miaka sita iliyopita, sikumwambia mtu. Hata mke wangu. Nilikuwa nikitoka mezani, nasema naenda kutazama geti. Niliogopa neno moja tu, kwamba kafuata ya baba yake. Daktari anasema ningekuja miaka sita iliyopita kongosho langu lingekuwa na mengi zaidi ya kuokoa. Sikuambii haya ili uumie. Au labda nakuambia ili uumie. Sijui, siku hizi sijui mengi.

Jambo la pili. Daktari ameniuliza mara tatu, kwenye ziara tatu, kama nakunywa. Mara tatu nimesema hapana. Mara ya tatu aliinama akaninusa shati. Akasema, polepole kabisa, "Mimi si polisi. Niambie tu ukweli." Nikamwambia ni spiriti, naosha mihuri ya mahakama, njoo uone. Akaandika kitu. Sijui kama aliamini. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi za hospitali na kwa muda sikujua niende juu au chini.

Shangazi, baba alikuwa akioshea mihuri na nini?

Na ule muhuri wake. Mimi nimemgeuza mtu mzima kwenye karatasi, ini na utumbo na vyote, nikaulizwa mbele ya mchoro wa daktari na bado sikuona. Sikuwa nimekunywa hata tone. Mkono unaougua unasahau uko upande gani.

Karatasi ya idhini iko hapa, chini ya jiwe la kunolea. Sijatia saini. Daktari anasema anaweza kuendelea bila majibu yako. Atakata kipande nikiwa nimelala, kitapimwa palepale, na kama kina shaka ataondoa vyote, kama ni safi ataacha anachoweza kuacha. Yeye anaweza kuendelea bila kujua. Mimi siwezi kulala kwenye kitanda kile sijui mimi ni mtoto wa mlevi au wa mgonjwa. Na kama ni wa mgonjwa, basi tumbo la Maswali si la machungwa.

Niambie uliona nini.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Hii inakuja kwa posta ya haraka, pamoja na kifurushi. Leo hakuna habari za nyumbani. Nimechana barua tatu kabla ya hii. Zote zilikuwa nzuri sana, zilikuwa na hoja.

Sikuwa kando yake.

Mama yako alipokuchukua nilimwambia aende kwa amani, mimi nitabaki na mdogo wangu. Nilimaanisha. Lakini wakati ule nilikuwa nazunguka kwenye kumbi nikihubiri dhidi ya pombe, na kila nilipomaliza kulikuwa na mtu wa nyuma wa kupaza sauti, "Mwalimu, anzia nyumbani kwenu." Nikawa naahirisha. Wiki ijayo, baada ya mkutano huu, baada ya mtihani wa wanafunzi. Miezi ikapita mitatu na nusu.

Nilikwenda mara moja. Ilikuwa mchana, mlango uko wazi. Alikuwa amekaa kwenye ile meza amenipa mgongo, paji la uso liko juu ya mbao, mikono yote miwili chini ya tumbo. Na harufu ikanipiga pale pale kizingitini. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo, hata mchana. Nilijua pombe inavyonuka, au nilidhani najua. Mimi ambaye sijawahi kuinusa kwa karibu, maana nilikuwa nikiikimbia. Mezani kulikuwa na chupa na kitambaa na mihuri imepangwa. Niliiona mihuri. Nimekuwa nikiiona tangu uliponiuliza alioshea na nini. Nimeiona siku kumi mfululizo, na chupa iko katikati yake, na kitambaa kina wino.

Alisikia kivuli changu, sijui mtu anasikiaje kivuli, lakini alisema, "Nani?" Hakugeuka. Nadhani hakuweza kugeuka. Sikujibu. Niliondoka kwa ncha za vidole kama mwizi. Alikufa siku kumi na tisa baadaye, na aliyemkuta ni muuza magazeti.

Kwa hiyo macho yake sikuyaona. Hilo ndilo jibu la daktari wako, mwandikie hivyo kwenye mistari yake mitatu.

Usidhani sasa nakuambia alikuwa malaika. Huenda alikunywa ili kutuliza maumivu. Huenda alikunywa kabla. Huenda hakuwahi. Mtaa ulijua, nilikuandikia, na mtaa ulijua kutoka kwangu. Nimekuwa na hakika kwa miaka thelathini, nimeichapisha, nimeigawa mashuleni, na hakika yote ile niliipata kwa pua. Na wewe ukajificha na ugonjwa wako kwa sababu ya ukurasa wa tisa. Nimegombana na wakurugenzi, maaskofu, mawaziri na wenye majogoo, na sijawahi kukosa la kusema. Kwa hili nimekosa.

Ndani ya kifurushi kuna muhuri. Nilimwomba karani baada ya mazishi, akanipa. Nilikuwa nikipanda nao jukwaani, nauinua, nasema tazameni pombe inavyofanya mkono wa fundi. Watu walipiga makofi. Ni wako.

Tia saini. Mwache huyo mama achimbe, aache cha kuacha. Mpeleke Maswali akapimwe, usimsubiri hadi ajifunze kwenda kutazama geti. Mimi nitaandika gazetini, nitataja jina lake na langu.

Marahaba nitaipokea kama bado utaniamkia.


19 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Mke wangu anakuamkia. Maswali jino la pili limelegea na anakataa lisiguswe hadi nitakapopata nguvu ya kulitazama. Barua hii naiandika kidogo kidogo, leo siku ya tatu, kwa hiyo usiulize kwa nini mwandiko unabadilika.

Kifurushi kilifika tarehe 9 Juni, siku mbili kabla ya upasuaji. Nilikifungua karakanani. Nilidhani nitakasirika. Badala yake nikafanya kile ninachomfanyia kila mteja anayeleta kazi ya mtu mwingine, niliuweka muhuri chini ya lenzi. Shangazi, kazi ni safi. Kingo zimesimama wima. Tundu la P limetolewa kwa kisu kimoja bila kurudia, na mimi hadi leo P hunitoa jasho. Hakuna mahali kisu kilipoteleza. Kosa ni moja tu, la upande, na baada ya hapo kila herufi imechongwa na mtu anayejua anachofanya. Sijui mlevi huchonga vipi. Labda wapo wanaochonga hivyo. Nilikaa nao mkononi hadi mke wangu alipokuja kufunga dirisha, kisha nikatoa karatasi chini ya jiwe nikatia saini.

Nilikaa saa saba nzima kwenye meza ya upasuaji. Walipima kipande, hakina saratani. Daktari akachimba kichwa cha kongosho akatoa vijiwe kijiko kizima, ameniwekea kwenye kichupa, Maswali amevipanga na jino lake. Ganda ameliacha, anasema lina unene wa sarafu mbili. Utumbo wa kwanza upo. Mrija wa nyongo upo. Nilimuuliza vipo upande gani, akasema, "Kwa leo, vyote upande wako." Nakula vijiko vichache vichache, na kila mlo una vidonge vyake vya kusaidia kusaga chakula, pengine maisha yangu yote. Maumivu sijui kama yamekwisha au bado nayasikilizia. Asubuhi naamka nayangoja kama mgeni aliyesema atakuja. Mara nyingine hayaji, nami sijui nifanye nini na hiyo asubuhi.

Majibu ya damu yamekuja. Kuna kasoro ya kuzaliwa nayo, inayopita kwenye ukoo. Nikamwambia daktari, basi baba hakunywa. Akasema haimaanishi hivyo. Nikamwambia, basi alikunywa? Akasema haimaanishi hivyo pia, mtu anaweza kuwa na kasoro na akanywa, na kila kimoja kikamzidishia kingine, na marehemu hatuwezi kumpima. Kwa hiyo nimetoka mle nikiwa na kongosho nusu na baba nusu. Maswali ametolewa damu. Majibu yake wiki mbili zijazo. Hakulia, ila aliuliza sindano inaitwaje, damu inakwenda wapi, na kwa nini ni yeye.

Usiandike gazetini. Umeshaandika vya kutosha juu yake.

Barua yako ya tarehe 30 Mei nimeifanyia kile masjala wanachofanyia kila karatasi inayowafikia. Niliupaka wino muhuri wa baba nikaugonga pembeni, juu kulia, au juu kushoto, utaamua wewe. Maswali alikuwa amesimama hapo. Akasema baba umekosea, limetoka kinyume. Nikamwambia mimi sikukosea, aliyekosea ni babu yako, alikuwa anaumwa. Akaikimbiza barua hadi kwenye kioo cha mama yake, akasoma kwa sauti, akarudi ana maswali mapya. Moja limenishinda. Anataka kujua babu yake alikuwa na macho ya namna gani.

Nimemwambia kuna bibi anakuja kumjibu. Kitanda kipo upande wa barabarani, ngazi ni mbili tu, nyonga yako itaziweza. Njoo kabla ya majibu yake. Umkalishe pale kwenye meza ya baba, umtazame usoni, umwambie mwenyewe kwamba hukuyaona.

Mwanao